Usiku wa Deni na Wafilipi 4:8

Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa tuzungumze habari ya kuyaongoza mawazo yaelekee mema. Nianzie hapa hapa Kirumba, Mwanza, kwa mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni. Mvua imenyesha mfululizo, dagaa bado wabichi, na kesho ni siku ya rejesho la ule mkopo wa riba kali tunaouita kausha damu. Saa tisa usiku yuko macho. Ukimwambia, "Mama, wewe waza mazuri tu," umemsaidia nini?

Paulo hakuanzia hapo. Katika Wafilipi 4:8 orodha yake inafunguliwa na "mambo yo yote yaliyo ya kweli." Kweli imetangulia staha, haki, usafi na sifa njema, nami naamini mpangilio huo una uzito. Alikuwa kifungoni, na vifungo vyake amevitaja wazi katika sura ya kwanza. Hakujifanya havipo. Basi mama yetu ana mawazo mawili usiku ule, yamekuja pamoja: "Nadaiwa," na "Mungu amenisahau." La kwanza ni kweli. La pili ni uongo uliojibanza nyuma ya kweli, ndiyo maana unaaminika upesi. Kuyaongoza mawazo ni kuyatenganisha hayo mawili, na ni kazi ngumu, hasa usiku ambapo hakuna wa kuongea naye.

Ukishayatenganisha, lile la uongo lijibu. Bwana Yesu kule jangwani, Mathayo 4, alijibu mara tatu, "Imeandikwa." Evagrius, mmonaki aliyefariki mwaka 399 huko Misri, aliyapanga mawazo mabaya katika makundi manane, akakusanya maneno ya Maandiko ya kuyajibu. Na mwenye Zaburi ya 42 anaisemesha nafsi yake: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Anaihoji, kisha anaiagiza: "Umtumaini Mungu." Wapendwa, tumezoea mno kuisikiliza nafsi. Isemesheni!

Vijana wa mitumbwini, nanyi nina neno lenu. Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliki, mko ufukweni mchana kutwa. Wapo mlioazimia kuacha pombe, na kuacha kumhusudu mwenzenu aliyenunua injini mpya. Mungu awatie nguvu. Lakini Yesu alisimulia habari ya pepo aliyemtoka mtu, akarudi akakuta nyumba imefagiwa, imepambwa, na ni tupu. Akaingia na wenzake saba. Kufagia peke yake hakutoshi. Nendeni kwaya, karirini zaburi, mtembeleeni mgonjwa hospitali ya Bugando, kaeni na mzee mmoja mmshonee nyavu zake.

Liko jambo tunaloliruka tukiusoma mstari huu, nalo linaniuma. Katika sura ile ile ya 4, mistari michache mbele, Paulo anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomletea kwa mkono wa Epafrodito. Aliyeandika "yatafakarini hayo" alikuwa na watu waliomjali hata kwa mahitaji ya mwili. Sisi tunampa mama yule mstari, halafu tunamwachia rejesho abebe mwenyewe.

Kwa hiyo nimewaomba watunza hazina wa usharika wabaki benchi la nyuma baada ya sala. Mwenye mkopo, usione haya, njoo na daftari lako. Tutakaa, tutapiga hesabu pamoja mpaka tuelewe unadaiwa kiasi gani hasa, na usharika uone unaweza kushika upande upi.