Kingamwili ya sungura dhidi ya SLC19A3: usichemshe sampuli

Ndugu wanafunzi, SLC19A3 ni protini inayopitisha thiamini, yaani vitamini B1, kwenye utando wa seli. Jeni yake ikiharibika huleta ugonjwa wa ubongo ambao hutibiwa kwa dozi kubwa za thiamini na biotini. Ulielezwa kwanza Saudi Arabia mwaka 1998.

Kingamwili ya polikloni ni mchanganyiko. Sungura huchanjwa kipande cha protini, na damu yake hutoa kingamwili nyingi zinazoshika sehemu mbalimbali za kipande hicho. Sungura akifa, mchanganyiko ule haurudi, kwa hiyo kila toleo jipya lipimwe upya.

Sasa tuje kwenye jeli, yaani kipimo cha western blot, ambapo protini hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli kisha hutafutwa kwa kingamwili, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mazoea ya kuchemsha sampuli kwa nyuzi 95 dakika 5 hayafai protini hii. Inapita kwenye utando mara 12. Ukiichemsha huganda mafungu, hubaki juu ya jeli, nawe unalaumu kingamwili bure. Pasha kwa nyuzi 37, dakika 30. Pakia mikrogramu 30 kwenye jeli ya asilimia 10, hamishia kwenye utando wa PVDF (karatasi ya plastiki inayoshika protini) ulioloweshwa kwa methanoli, kisha ziba nafasi zilizobaki wazi kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5, saa moja. Kingamwili anza kwa kuizimua 1:1000, usiku kucha kwa nyuzi 4. Baadaye jaribu 1:500 na 1:2000. Osha mara tatu, halafu weka kingamwili ya mbuzi dhidi ya sungura yenye peroksidasi, kimeng'enya kinachofanya mstari uonekane. Hapo sodiamu azidi, dawa ya kuhifadhi kingamwili, isiguse: huzima peroksidasi, usione kitu.

Mstari tarajieni karibu na kilodaltoni 56, au juu kidogo na wenye ukungu kwa sababu ya sukari zilizoshikamana na protini. Kimeng'enya cha PNGase F kikizikata, mstari hushuka. Hata hivyo msishangilie: ndugu yake, SLC19A2, ana asidi amino 497, SLC19A3 ana 496. Uzito hauwatenganishi. Kuzuia kwa peptidi, yaani kuichanganya kingamwili kwanza na kile kipande alichochanjwa sungura, nako hakutoshi, kwa kuwa hata kingamwili iliyoshika protini nyingine kimakosa huzimwa na peptidi ileile.

Linganisheni seli za kawaida na zile ambazo jeni ya SLC19A3 imezimwa. Mkitumia siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni), subirini saa 48 hadi 72, maana protini iliyokwisha tengenezwa huchelewa kuisha. Jeni ikiwa imezimika kweli na mstari haukufifia, mnachokiona si SLC19A3, hata kama picha ya mtengenezaji inapendeza.