Habari za Chama Zinaishia Mezani kwa Nani?

Mhadhara uliotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha watoa huduma za muda mrefu, yaani vituo vya kuwatunza wazee na wasiojiweza

Mwenyekiti, wajumbe wa kamati kuu, wenye vituo, mameneja, wauguzi na wahudumu, habari za asubuhi. Kabla sijaenda mbali, naomba wale ambao juma lililopita walimwogesha mkazi wa kituo au kumbadilisha nepi kwa mikono yao wenyewe wanyooshe mkono. Ahsanteni. Ni wachache, nami sikutarajia zaidi.

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa kwa maneno marefu ya kupendeza kuhusu mchango wa habari na matukio ya chama katika kuinua ubora wa huduma. Niruhusuni niifupishe iwe swali: habari ikishatoka chamani, inaishia mezani kwa nani?

Chukueni suala la kumgeuza mtu asiyeweza kujigeuza kitandani. Karibu kila aliyepita kwenye kazi hii alifundishwa kugeuza kila baada ya saa 2, ubavu huu, chali, ubavu ule, mchana na usiku. Kanuni hiyo ina sababu. Uzito wa mwili ukikandamiza ngozi juu ya mfupa, iwe kisigino, nyonga au mwisho wa mgongo, damu haipiti vizuri, na nyama inaweza kufa huko ndani kabla ngozi ya juu haijachubuka. Kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo hauonekani kirahisi, kwa hiyo mkono ndio unaogundua: pana joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, au mkazi anashtuka ukipagusa.

Sasa, mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika makao ya wazee ya Marekani na Kanada, ukihusisha wakazi zaidi ya 900 waliokuwa katika hatari ya wastani au kubwa ya kupata vidonda hivi vya kulalia. Wote walilazwa kwenye magodoro ya povu zito. Baadhi waligeuzwa kila baada ya saa 2, baadhi 3, baadhi 4. Makundi hayo hayakutofautiana kwa vidonda kwa kiwango cha maana. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 nao ukashauri ratiba ya kugeuza ipangwe kwa mtu mmoja mmoja, kwa kuangalia ngozi yake, godoro lake na jinsi anavyoweza kujisogeza mwenyewe.

Msinielewe vibaya. Sisemi mtoke hapa mkabadilishe ratiba kesho. Pasipo godoro linalofaa na mtu wa kukagua ngozi, saa 4 ni hatari tupu, na wapo wakazi ambao hata saa 2 ni nyingi. Ninachosema ni hiki: habari hiyo ilikuwa na faida kubwa kwa watu wawili, mkazi ambaye angeweza kupata usingizi usiokatizwa, na mhudumu wa usiku aliyeachiwa korido nzima peke yake. Nendeni mkaulize ni wahudumu wangapi wa usiku waliwahi kuisikia.

Kisha mwombeni mkuu wa zamu awaonyeshe chati ya kugeuza. Mtakutana na chati za aina fulani, kila mwenye macho ya ukaguzi anazijua: saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja unaolala upande mmoja, zimejazwa kwa mkupuo alfajiri kabla ya makabidhiano ya zamu. Ile si chati, ni hadithi. Na aliyeijaza si lazima awe mvivu. Amepewa kanuni asiyoweza kuitimiza kwa mikono miwili, na hakuna aliyemwambia kwamba kanuni yenyewe imeshajadiliwa upya na kwamba angeweza kuomba mkazi wa chumba fulani apangiwe ratiba yake mwenyewe. Matokeo ya utafiti ule yalipigiwa makofi kwenye makongamano, yakarudi nyumbani ndani ya mikoba ya washiriki, yakalala humo.

Tuje kwenye jarida. Nimesoma majarida ya vyama vya aina yetu, na mpangilio wake naweza kuutaja usingizini. Ukurasa wa kwanza, viongozi na mgeni rasmi wakipeana mikono. Wa pili, salamu za mwenyekiti. (Mwenyekiti, unisamehe, salamu zako ni nzuri, ila zingetosha mistari mitano.) Halafu kanuni mpya za serikali, matangazo ya wauza vitanda na programu za kompyuta, na tarehe ya mwisho ya ada, kwa wino mzito. Anayeandikiwa hapo ni mwenye kituo. Mhudumu akiliokota jarida hilo kwenye chumba cha chai, hana cha kufanya nalo.

Habari za sheria zina haki yake ya kuwemo. Lakini tazameni zinavyoandikwa. Mwaka 2024 serikali kuu ya Marekani ilitoa kanuni ya kima cha chini cha wahudumu katika makao ya uuguzi: saa 3.48 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, na muuguzi aliyesajiliwa awepo kituoni saa zote 24. Vyama vya wenye makao vilikwenda mahakamani huko Texas, na Aprili 2025 hakimu akaitengua kanuni hiyo kwa hoja kwamba wakala wa serikali ulivuka mamlaka yake. Kwa jarida la chama, hiyo ni habari ya ushindi, na kichwa chake kinajiandika chenyewe. Wenye vituo walikuwa na hoja, sikatai: wauguzi hawapatikani, na fedha za kuwaajiri hazikuletwa pamoja na kanuni. Familia za wakazi na vyama vya wafanyakazi nao walikuwa na yao, kwamba pasipo kima mtu anashinda na nepi iliyolowa kwa sababu hakuna wa kuja. Maoni yangu ni kwamba hukumu ile haikuongeza mhudumu hata mmoja kwenye zamu yoyote. Chama kinachosema watu hawapatikani kina deni la kueleza kitawapataje. Hiyo ndiyo habari ambayo ningependa kuisoma toleo linalofuata, na mara nyingi haimo.

Vyama vimewahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti nzito kuhusu hali ya makao ya uuguzi. Baadaye wenye makao, watetezi wa wakazi, wauguzi na vyama vya wafanyakazi, watu ambao kwa kawaida hawasalimiani, wakakaa meza moja wakatafuta mambo wanayokubaliana. Sheria ya 1987 ikapita. Kila mkazi awe na mpango wake wa huduma. Asifungwe kitandani au kitini kwa ajili ya kuwarahisishia wafanyakazi kazi. Mhudumu apate mafunzo ya saa zisizopungua 75. Saa 75 ni chache mno kwa kazi hii, tena ni chache hata kwa kufundisha kumlisha vizuri mtu anayemeza kwa shida. Ila pana tofauti kati ya kima kidogo na kukosa kima kabisa.

Kuhusu kalenda ya matukio sitakaa sana. Tarehe 21 Septemba ni siku ya Alzheimer duniani, 1 Oktoba ni siku ya wazee, na tangu 2023 Umoja wa Mataifa umeitenga 29 Oktoba kwa ajili ya huduma na malezi. Zote tunaziadhimisha kwa fulana na keki. Tarehe 15 Juni tunaipita kimyakimya. Ni siku ya kupinga unyanyasaji wa wazee, na najua kwa nini hatuipendi: haina picha nzuri. Inatutaka tuzungumze kuhusu kengele inayosogezwa mbali ili mkazi asiite, dawa ya kutuliza inayotolewa kwa sababu mtu mwenye demensia, aliyepungukiwa kumbukumbu na ufahamu, anazungukazunguka usiku, maneno ya dharau wakati wa kuogesha, shuka linalofungwa kiunoni "ili asianguke". Kama chama kina nguvu ya kuandaa tukio moja tu kwa mwaka, ningechagua hilo, na ningelifanya bila waandishi wa habari, ili watu waseme.

Na mikutano kama huu? Ratiba yetu leo ina hotuba saba za watu wanaotoka nje ya vituo, na mimi nikiwa mmoja wao najihesabu kwenye tatizo. Kingefaa kikao kimoja ambacho kila kituo kinaleta tukio moja baya, majina yameondolewa: mkazi aliyeanguka akitoka chooni, dawa ya mtu mmoja iliyotolewa kwa mwingine. Tuulizane saa ngapi, taa iliwaka, viatu gani, nani alikuwa zamu na alikuwa na wakazi wangapi, makabidhiano yalisema nini. Wadhamini wabaki kwenye meza zao za maonyesho. Muuza nepi asitoe somo la kutunza ngozi bila kutangaza kwamba anauza nepi.

Mapendekezo yangu mawili yamo kwenye karatasi mlizogawiwa. La kwanza: kila mwezi chama kitoe ukurasa mmoja wa makabidhiano, jambo moja tu la kitandani, lugha nyepesi, wa kusomwa kwa sauti dakika kumi zamu zinapopokezana. Uambatane na sauti iliyorekodiwa ya kusikilizwa kwenye simu, kwa sababu saa tisa usiku hakuna anayesoma jarida. Uandikwe na muuguzi na mhudumu pamoja, na wahariri wasiuguse isipokuwa tahajia. La pili: kila kituo kinacholeta mjumbe kwenye mkutano mkuu kilete na mhudumu mmoja, na siku hiyo alipwe kama siku ya zamu. Asije kwa siku yake ya mapumziko.

Najua swali linalokuja, kwa sababu mjumbe wa kamati ya fedha ameshaniuliza mlangoni: nani atashika zamu yake, na hela itoke wapi? Kuhusu zamu, mkutano ugawanywe mara mbili, kwa makundi, kila kundi siku yake, ili hakuna kituo kinachobaki mifupa. Kuhusu hela, someni bajeti ya mkutano huu, fungu la nne, karamu ya jioni na burudani. Nimelilinganisha na fungu la mafunzo. Nawaombeni mlilinganishe nanyi kabla ya kupiga kura mchana, kisha mniulize maswali.