Nani Anaingia Getini? Shule za Kanisa Katoliki na Shule za Serikali

Baba Paroko, masista, walimu wenzangu na wazazi wote, Tumsifu Yesu Kristo. Na wazazi Waislamu wenye watoto katika shule zetu, ambao nawaona wengi humu ukumbini, asalaam alaikum.

Nimeombwa nizungumzie kushuka kwa shule za Kanisa Katoliki, na thamani yake zikilinganishwa na shule za serikali. Najua wapo walioguna mada hii iliposomwa kwenye matangazo baada ya Misa. Kushuka kupi? Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, si seminari na shule za masista ndizo zinazotajwa? St. Francis ya Mbeya imeongoza kitaifa zaidi ya mara moja. Hata Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, wazazi waliendelea kuzitafuta wenyewe kwenye simu zao.

Basi niseme mapema ninachokiona. Kwa ufaulu hazijashuka. Zimeshuka kwa jambo ambalo halionekani kwenye karatasi ya matokeo: hazimfikii tena yule mtoto ambaye kwa ajili yake zilianzishwa. Na mtoto huyo ndiye ambaye shule nzuri ingemfaa kuliko wengine wote.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwalipia chochote. Walifundishwa kusoma, wakafundishwa useremala, uashi na kilimo. Miaka kumi baadaye wakaja Wamisionari wa Afrika, wakakata kuelekea Tabora na Maziwa Makuu. Wabenediktini walianza Pugu mwaka 1888, misheni yao ikachomwa mwaka uliofuata katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, wakajenga tena kwingine, na mwaka 1898 wakafika Peramiho. Kote huko shule ilitangulia au iliandamana na kanisa. Na mara nyingi shule yenyewe ilikuwa katekista mmoja, ubao mmoja na kivuli cha mwembe. Serikali ya Mwingereza ilianza kutoa ruzuku ya maana kwa shule za misheni baada ya Tume ya Phelps-Stokes, ya Wamarekani waliochunguza elimu ya Waafrika, kupita Afrika Mashariki mwaka 1924, tena ilizipa zile zilizotimiza masharti yake tu. Katekista wa kijijini aliendelea kufundisha kwa posho ya misheni na mihogo ya wazazi.

Lakini nisiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Shule zile zilifundisha ili zibatize. Mzazi Mwislamu wa Kilwa au Rufiji aliliona hilo, akamzuia mwanawe, na alikuwa na sababu. Misheni nazo zilikaa zaidi kwenye nyanda zenye baridi na kahawa, Kilimanjaro na Bukoba, na kusini kule Songea. Tulipopata uhuru mwaka 1961, ramani ya waliosoma na wasiosoma ilikaribia kuwa ramani ya misheni. Nchi changa isingeweza kuendelea hivyo ikabaki nchi moja.

Aliyelikata shauri hilo alizijua shule hizi kwa ndani. Mwalimu Nyerere alianza kufundisha St. Mary's Tabora mwaka 1946, na aliporudi kutoka Edinburgh alifundisha St. Francis Pugu mpaka mwaka 1955, alipotakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Ni Mkatoliki aliyesali mpaka mwisho wa maisha yake. Na ni chini yake ilipotungwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za mashirika ya dini zikawa za serikali. Pugu ikachukuliwa. Ihungo ya Bukoba ikachukuliwa. Marian College ya masista wa Maryknoll pale Morogoro ikawa Kilakala. Assumpta ya Moshi ikawa Weruweru. Seminari ziliachwa.

Nasikia Wakatoliki wenzangu wakisema "tulinyang'anywa". Mimi sikubaliani nao. Sehemu kubwa ya mishahara ya walimu wale ilikuwa tayari inatoka kwenye ruzuku, yaani kwenye kodi ya watu wote, pamoja na yule mzazi wa Rufiji ambaye mwanawe hakuwamo. Utaifishaji uliwafungulia mlango watoto waliokuwa nje, na mimi nimefundisha pamoja na walimu walioingia kwa mlango huo.

Na tazameni Weruweru. Baada ya masista, shule ile iliongozwa na Mama Maria Kamm kwa zaidi ya miaka ishirini. Ilikuwa shule ya serikali, kwa bajeti ya serikali, katika miaka ambayo sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni. Na wasichana waliotoka pale walishika nafasi kubwa katika nchi hii. Kibao cha getini kilibadilika, lakini aliyekuwa ndani alikuwa mwalimu mkuu aliyekaa, aliyewajua wasichana wake kwa majina, ambaye hakuhamishwa kila mara anapoanza kuzoea. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba shule ya serikali haiwezi, namwambia iliweza.

Sasa thamani ya shule zetu ni nini hasa? Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo tunapoteleza. Tunajibu haraka: nidhamu. Nidhamu ipo hata jeshini.

Chukueni binti aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili. Kila alichojifunza, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii, alikijifunza kwa Kiswahili. Januari anaingia kidato cha kwanza na karibu vitabu vyote ni vya Kiingereza. Kama yuko shule ya kata ya kutwa, anatembea kurudi nyumbani, anachota maji, anapika, analea mdogo wake, na giza likiingia daftari halionekani tena. Mwalimu wake wa Baiolojia anafundisha mikondo minne yenye wanafunzi lukuki, hawezi kumwona.

Mhamishie binti huyohuyo kwenye shule moja ya masista niliyofundisha. Saa moja na nusu usiku kengele ya prepo, yaani kipindi cha kujisomea, inalia. Sista anapita kati ya madawati polepole, hasemi kitu. Anamwona binti amefungua ukurasa uleule tangu alipokaa. Hamwulizi mbele ya wenzake. Anavuta kiti, anakaa kando yake, anachukua daftari dogo, anaugawa ukurasa kwa mstari: kushoto neno la kitabu, kulia maana yake kwa Kiswahili. Maneno kumi, halafu anaondoka. Kesho usiku anarudi kuyauliza yale kumi na kumwandikia mengine. Kufika Juni binti anausoma ukurasa mwenyewe. Hakuna muujiza hapo. Kuna mtu mzima aliye pale usiku, ambaye kuwa pale ndiyo maisha yake.

Na mtu huyo hakulipwa. Tulielewe vizuri hili, kwa sababu hesabu yote inaanzia hapa. Nadhiri ya ufukara ya sista yule ndiyo iliyokuwa ruzuku kubwa kuliko zote, na haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha hesabu. Leo shule hiyohiyo ina masista wachache, na walimu wengine ni walei wenye familia. Wanastahili mshahara, wanastahili michango yao ya NSSF iende kwa wakati, na ni aibu kwa Kanisa inapochelewa. Fedha hiyo inatoka kwenye ada peke yake. Ile ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa msingi na 25,000 kwa sekondari, inakwenda kwa shule za umma tu.

Wenzetu wa Marekani walilipitia hili kabla yetu. Mwaka 1965 shule zao za Kikatoliki zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 2. Sababu ni nyingi, familia zilihama kutoka mijini, watoto walipungua, lakini kubwa mojawapo ni kwamba mwaka ule walikuwa na masista wapatao 180,000 na leo hawafiki 50,000. Mwalimu wa bure alipoondoka, ada ikapanda, na shule za kwanza kufungwa zikawa zile za mitaa maskini. Uchungu wake ni huu: mwaka 1982 mtafiti James Coleman na wenzake walionyesha kwamba faida ya shule hizo ilionekana zaidi kwa watoto wa familia duni. Wataalamu wengine walimpinga, wakasema labda ni kwa sababu shule zile huchagua. Hoja yao ni ya kweli, na inatuhusu.

Maana sisi tunachagua. Tunafanya mtihani wa kujiunga, tunaita mamia, tunachukua darasa moja au mawili. Halafu tunalinganisha ufaulu wetu na shule ya kata ambayo haina mtihani wake wa kujiunga, inampokea kila mtoto aliyepangiwa kwake. Mwaka 2012 watahiniwa wengi wa kidato cha nne nchini walipopata sifuri, tuliziita shule za kata majina ya kila aina. Hatukujiuliza zingepata nini kama zingechagua kama sisi, wala sisi tungepata nini kama tungepokea kama wao.

Na kuna jambo baya zaidi, nalisema mbele ya walimu wakuu kwa heshima yote. Kuna shule zinazochuja tena ndani. Mtoto asiyefikia wastani kidato cha pili au cha tatu mzazi wake anaitwa, anaombwa amhamishe, au mtoto anasajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea ili asiharibu wastani wa shule. Wizara imekemea mara nyingi. Sisi tusingehitaji wizara itukemee. Shule yenye msalaba juu ya paa inayomtoa mtoto dhaifu ili ipendeze kwenye orodha imeuza kitu chenyewe ilichokuwa nacho.

Majuzi mzazi mmoja, fundi baiskeli, alinionyesha fomu ya kujiunga ya shule moja ya Kanisa. Binti yake alifaulu mtihani wao vizuri. Ada, fedha ya tahadhari, sare tatu, godoro, ndoo mbili, rimu za karatasi, jembe lenye mpini, fagio la chelewa, masomo ya maandalizi kabla ya Januari ambayo nayo yana bei yake. Alikuwa ametia alama ya kalamu pembeni ya kila kitu anachoweza kukipata. Jembe lilikuwa na alama. Fagio lilikuwa na alama. Mstari wa ada haukuwa nayo. Binti yuko shule ya kata sasa, na bado ni binti mwenye akili.

Je, lazima iwe hivi? Mtu wa Mwanza akiugua anapelekwa hospitali ya Bugando. Kanisa liliijenga, ikafunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa Maaskofu kwa makubaliano ya kuiendesha kwa ubia na serikali. Hakuna anayeulizwa dini pale mapokezi. Hospitali teule za wilaya nyingi ni hivyohivyo: jengo na uongozi wa Kanisa, mishahara mingi ya serikali. Kenya, Mang'u ya mwaka 1925 ni shule ya umma, walimu wanaajiriwa na tume ya serikali, na Kanisa ni mfadhili mwenye sauti na padre wa shule. Sekondari ya Kikatoliki ya Kisubi, Uganda, nayo inasaidiwa na serikali. Ubia huo una ugomvi wake, hasa juu ya nani anamteua mwalimu mkuu, lakini mtoto wa fundi baiskeli anaingia getini. Tumekubaliana na serikali juu ya wodi. Sioni kwa nini tusikubaliane juu ya madarasa machache, kwa masharti kwamba shule inayopokea ruzuku inapokea watoto bila kuchuja na bila kumlazimisha mtu imani.

Hilo ni la Maaskofu na wizara, litachukua muda. Letu ni dogo na la Januari ijayo. Ndani ya parokia hii kuna sekondari ya Kanisa, na hatua chache kutoka ukuta wake kuna shule ya kata. Naomba kila mwaka walimu wa shule ya kata, wao wenyewe, wachague watoto wachache wanaojitahidi ambao nyumbani hawana nafasi ya kusoma, na sisi tuwalipie. Tulichangishana hapa kujenga mnara wa kengele, hatushindwi. Naomba pia vyumba vya prepo vifunguliwe kwa wale wa kutwa walio karibu, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili, kabla giza halijaingia wasichana wakawa njiani. Taa zipo, madawati yapo, na walimu wastaafu tupo kadhaa; mimi nitachukua Jumanne na Alhamisi.

Mwalimu mkuu yuko hapa, mhasibu wa shule yuko hapa, na mwalimu mkuu wa shule ya kata amekuja, ameketi kule nyuma na walimu wake. Maswali nitayapokea yote, lakini naomba tuanze na yeye, atuambie watoto wake wanahitaji nini.