Jetiski imekunywa maji ya bahari? Mkono mbali na stata

Wadau, habari za saa hizi. Leo tuko Kunduchi, chini ya mkungu, na mgonjwa wetu ni huyu hapa juu ya toroli. Kapinduka asubuhi hii njiani kuelekea kisiwa cha Mbudya. Kusi linavuma, mnalisikia mpaka kwenye maiki.

Waliomgeuza walikuwa na haraka. Nyuma ya pikipiki hizi za majini pana stika yenye mshale, hii hapa, inakuonyesha uigeuzie upande gani. Ukigeuza kinyume, maji yaliyolala kwenye eksozi yanarudi kwenye injini. Lakini mwenye jetiski ameniambia jambo moja nikampa mkono: "Fundi, stata sijaigusa."

Kijana, sogeza kamera. Hii ni konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, ya injini nyingine, nilitoa mwezi uliopita. Naiweka juu ya kioo. Mnaona mwanga unapenya chini yake? Imepinda. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Pistoni ilipanda, ikakuta silinda imejaa maji, ikabidi chuma ndicho kilegee. Mwenye nayo alisikia "kong!" akadhani betri haina nguvu, akaazima nyingine. Injini ikanoki palepale.

Haya, kazi. Fungua siti, acha wazi mvuke wa petroli utoke. Hapa hakuna sigara, na wewe mwenye sigara pale nyuma nakuona. Chomoa betri, waya wa hasi ndio unaanza. Nyuma kwa chini kuna vizibo viwili: vifungue, inua pua, maji ya tumboni yatoke yote. Toa na filta ya hewa, kamua, mwaga maji yaliyobaki kwenye boksi lake.

Sasa kuosha. Hapa watu wa Dar tunajiponza. Tunaosha chumvi kwa maji ya kisima ambayo nayo ni chumvi! Visima vingi vya huku pwani ndivyo vilivyo. Onja kwa ulimi kwanza. Yakiwa na chumvi, nunua madumu mawili ya maji yasiyo na chumvi, ni rahisi kuliko ringi za pistoni. Osha injini kwa nje, soketi za umeme zifungue moja moja, kausha kwa upepo wa kompresa, kisha pulizia dawa ya kusafishia umeme. Ukiona ukijani kwenye pini, sugua sasa hivi.

Tunakuja kwenye plagi. Kabla ya kuzifungua puliza mchanga uliozizunguka, usije ukaangukia ndani. Zangu ziko nne. Tazama hii ya tatu, tone linaning'inia kwenye ncha. Onja... chumvi tupu. Silinda hiyo ndiyo iliyokunywa.

Chomoa soketi za koili na za injekta, tusitake cheche wala petroli. Rudisha betri. Simama pembeni, uso usiwe juu ya matundu. Piga stata sekunde tano, acha. Umeona? Yamerushwa mpaka kwenye majani. Pumzisha stata, rudia mpaka matundu yateme hewa kavu. Kisha mimina oili safi kidogo kila tundu, zungusha tena mara moja. Usiruke hatua hii, maana chumvi na hewa vikikutana kwenye ukuta wa silinda, kutu haisubiri kesho.

Kama leo huwezi kuifanya, jaza silinda oili, funga plagi, stata usiiguse, uilete kwa fundi hivyo hivyo. Usiianike juani ati ikauke.

Oili. Chomoa stiki ya kupimia. Loo, chai ya maziwa, imechanganyika na maji! Huku hufungui nati chini kama kwenye gari, unaingiza mpira mwembamba kwenye tundu la stiki na kunyonya kwa pampu. Nyonya yote, badilisha filta, weka oili mpya kwa kipimo cha kitabu chake. Hii ya kwanza tunaimwaga muda si mrefu, kwa hiyo usiingize ya bei mbaya.

Petroli nayo tunapima. Nyonya kutoka chini kabisa ya tenki, weka kwenye chupa inayoonyesha ndani, tulia dakika tano. Petroli imepanda juu, maji yamekaa chini, mstari unaonekana kabisa. Tenki lote linamwagwa, kwenye dumu, si baharini, kisha weka petroli safi.

Plagi za zamani zilizokaushwa zinatosha kuwashia. Rudisha soketi zote, funga mpira wa maji kwenye mdomo wa kusafishia, lakini sikiliza vizuri: injini iwake KWANZA, ndipo bomba lifunguliwe. Ukianza na maji, yanajaa eksozi na kurudi kwenye silinda, umejizamisha mwenyewe nchi kavu. Kuzima ni kinyume: funga bomba, vuta mafuta mara mbili tatu iteme maji, zima. Bila maji usizidishe sekunde kumi na tano.

Imewaka. Moshi mweupe usikutishe, ni maji na oili tuliyomimina. Iache dakika kumi ipate moto, zima, nyonya oili tena. Hii ya pili bado ina ukungu, kama togwa. Rudia.

Ya tatu hiyo, rangi ya asali. Napima mgandamizo: silinda zote zinakaribiana, hata ile iliyokunywa. Ingekuwa moja imeshuka sana, tungefungua kichwa cha injini. Plagi nne mpya zinaingia, napulizia oili nyepesi kila chuma kilicho wazi, siti inafungwa. Mwenyewe kaenda kuswali alasiri, akirudi tunaishusha majini, na safari hii aliyeshika kamera ndiye anayesukuma toroli.