Jinsi ya kuona maji yanavyokimbia ndani ya bomba (projekti ya uinjinia, Tanga)

Oya wadau mambo vipi, leo tupo uani hapa Chumbageni, jua la Tanga kama mnavyolijua, tunafanya projekti ya kuona maji ndani ya bomba yanapita yamenyooka saa ngapi na yanavurugika saa ngapi, na wala huhitaji maabara.

Chukua ndoo ya lita 20 utoboe matundu mawili. La chini unapachika ule mpira mweupe ambao mafundi ujenzi wanapimia leveli, wetu una milimita 10 kwa ndani, mita mbili zinatosha. La juu karibu na mdomo wa ndoo, ni la kumwagia maji yanayozidi, na usilidharau! Sisi mara ya kwanza hatukuliweka, maji yakishuka kwenye ndoo na kasi inashuka, siku nzima majibu hayafanani hata mawili tukabaki kulaumiana tu. Sasa maji yanaingia muda wote, yakizidi yanamwagika, kina kinabaki palepale.

Mpira unyooshe juu ya ubao, funga na vipande vya tyubu ya baiskeli (Tanga hii utakosaje). Koki iwe mwishoni jamani, ukiiweka mwanzoni inavuruga maji kabla hujaona kitu. Toa mapovu yote.

Rangi ya chakula changanya pembeni na maji kidogo ya ndoo hiyohiyo, vuta kwa sirinji, ncha iingie katikati ya mdomo wa mpira kule ndani ya ndoo, sukuma polepoleee.

Fungua koki kidogo. Umeona? Rangi imenyooka kama uzi wa cherehani. Pima, lita 1 imetumia sekunde 120. Chukua kasi kwa mita kwa sekunde (maji yanayotoka kwa sekunde, kwa mita za ujazo, gawanya kwa eneo la tundu la mpira kwa mita za mraba), zidisha na kipenyo kwa mita, gawanya kwa mnato wa kinematiki (namba ya jinsi maji yanavyogoma kutiririka), maji yetu yana nyuzi 30 kwa hiyo weka 0.0000008, usikopi ile 0.000001 ya kitabuni, ile ni ya nyuzi 20. Unapata kama 1,300, hiyo ndo namba ya Reynolds, inayokuambia maji yatanyooka au yatavurugika, yule Osborne Reynolds aliyefanya mchezo huuhuu na bomba la kioo kule Manchester mwaka 1883.

Ongeza koki, lita 1 kwa sekunde 40, namba karibu 4,000, uzi kwisha habari yake, mpira mzima umekuwa rangi moja.

Sasa rudisha taratibu mpaka sekunde 70 hivi, hapo uko jirani na 2,300, mpakani mwa kunyooka na kuvurugika, uzi unatetemeka, unakatika, unaunga tena. Hapo mtu asiguse ubao, washa kamera.