Mbawakawa Huyo Ana Urefu Gani, na Umempimaje?

Nimeombwa nizungumzie maumbile ya mbawakawa wadogo kuliko wote, wale wa familia ya Ptiliidae wenye mabawa kama manyoya ya ndege, na namna ya kumwelezea spishi mpya anapopatikana. Mlionisikia siku za nyuma mnajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye urefu. Mnivumilie.

Mtu akija na kuniambia, "Nimepata spishi mpya, ana nusu milimita," mimi huuliza jambo moja tu: ulimpima akiwa katika hali gani? Hapo ndipo kukohoa kunapoanza. Mdudu huyu si msumari, ndugu zangu. Pingili za tumbo lake huingiana na kutokeana. Ndani ya alkoholi hutanuka, akikauka hujikunyata, na ukimlaza kwenye kioo cha hadubini na kumfunika kwa kioo chembamba, hubanwa akawa bapa na kuongezeka mpaka mwenyewe usimtambue. Jike naye ana mambo yake: kwa hawa wadogo sana hukomaa yai moja tu kwa wakati, na yai lenyewe hujaza sehemu kubwa ya tumbo. Sasa hapo umempima nani, mama au yai?

Niliwahi kumpima mmoja mara tatu, yuleyule. Kwanza ndani ya alkoholi, kisha juu ya kadi akiwa mkavu, kisha chini ya kioo. Nikapata namba tatu, na hakuna mbili zilizolingana. Kama ningekuwa na pupa ya kupata sifa, ningetangaza spishi tatu siku hiyo na kwenda kulala.

Mnacheka, lakini si kosa la wanagenzi peke yao. Chukueni Scydosella musawasensis, mbawakawa mdogo kuliko wote wanaojulikana. Mtaalamu wa mbawakawa aitwaye Hall alimwelezea mwaka 1999 kutokana na vielelezo vya Nicaragua. Kwa miaka 16 kila mtu alirudia kwamba ana kama milimita 0.3, lakini vielelezo vyote vilivyokuwapo vilikuwa vimegandishwa kwenye vioo vya hadubini, havipimiki sawasawa! Mwaka 2015 ndipo mtafiti wa wadudu Alexey Polilov alipochapisha vipimo vya wadudu 85 aliowakusanya Kolombia kwenye uyoga. Mdogo kuliko wote alikuwa na milimita 0.325, na wastani ulikuwa 0.338. Huyo ndiye bingwa wa dunia, na tulikaa miaka 16 tukimtaja kwa kukisia.

Kwa hiyo andika. Andika umeanzia wapi na kuishia wapi: kutoka ukingo wa mbele wa kichwa hadi ncha ya tumbo, au hadi ncha ya mabawa magumu ya juu? Andika kama alikuwa kwenye alkoholi au alikuwa mkavu. Andika wangapi. Kisha pima vile visivyonyumbuka: upana wa kichwa, urefu wa ngao iliyo nyuma ya kichwa, urefu wa bawa gumu moja. Hizo ndizo namba ambazo mwenzako atazirudia baada ya miaka hamsini akapata jibu lako.

Najua kuna kijana pale nyuma anasema moyoni, "Mwalimu, siku hizi kuna DNA, mambo ya rula yamepitwa na wakati." Mwanangu, DNA naipenda, na siku hizi hutolewa bila kumponda mdudu, kwa hiyo huna kisingizio cha kumharibu. Ila kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama inataka jina lolote lililochapishwa baada ya mwaka 1930 liambatane na maelezo ya sifa zinazomtofautisha mnyama huyo, kwa maneno. Na baada ya 1999 lazima utaje wazi kielelezo kinachobeba jina, ambacho kwa kawaida ni kimoja na huitwa holotipu. Mfuatano wa herufi nne za DNA hauniambii papasi zake, vile vipapasio vya kichwani, zina pingili ngapi.

Tuingie ndani, muda unakwisha. Kwa nje hawa wote wanafanana kama punje za mchanga. Anayewatenganisha mara nyingi ni jike, kwa kifuko chake cha kuhifadhia mbegu za dume. Kifuko hicho kina ukuta mgumu na hakiozi upesi: wengine kimejisokota, wengine kimenyooka, na umbo lake ni la spishi hiyo. Kukitoa kunahitaji subira. Chombo changu ni unywele mmoja wa kope uliogundishwa kwenye ncha ya kijiti, kwa sababu sindano hapo ni kama jembe. Unapasua tumbo ndani ya tone la gliserini, unasukuma polepole, na unabana pumzi. Siku moja nilipiga chafya. Kifuko nilikitafuta jioni nzima na hata leo sijui kiko wapi, na jike lilikuwa hilo moja tu.

Mabawa nitayapita mbio. Bawa ni kijiti chembamba chenye vinyweleo pembeni, lakini linafanya kazi. Utafiti wa mwaka 2022 juu ya Paratuposa placentis, mwenye milimita 0.395, ulionyesha kwamba hupiga mabawa kwa mzunguko mpana wa umbo la nane, huku mabawa magumu yakizuia mwili usiyumbe. Anayedhani vinyweleo hivyo ni urembo, akawaangalie wakiruka.

Moyo je? Kwa kundi la Nanosellini, wale wadogo zaidi ndani ya familia hii, moyo hakuna. Nilikuwa na picha sita za hilo, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi. Hadubini iko karibu na mlango, na chini yake yumo mmoja, ndani ya alkoholi, hajafunikwa kioo. Mpimeni wenyewe mwandike namba zenu kwenye karatasi, na kila mmoja aandike alianzia wapi na kuishia wapi. Tafadhali mwenye mafua asikaribie.