Vyuo Vimeungana, Mwanafunzi Je?

Mwenyekiti, ahsante. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, wanivumilie. Kila tunapokaa kujadili kuunganisha vyuo vikuu, tunamaliza siku nzima kwenye jina jipya, nembo, na nani atakuwa makamu mkuu wa chuo. Mwanafunzi atasoma nini ambacho jana hakuweza kukisoma? Hapo kimya.

Sisemi muungano ni mbaya. Afrika Kusini walikuwa na sababu nzito. Ubaguzi wa rangi uliigawa elimu ya juu makusudi: katika jiji moja la Durban kulikuwa na Chuo Kikuu cha Natal, kilichojengwa kwa ajili ya Wazungu, na cha Durban-Westville, kilichoanzishwa kwa ajili ya Wahindi. Kader Asmal akiwa waziri wa elimu, mpango ukapitishwa na taasisi za umma 36 zikapunguzwa hadi 23. Hivyo viwili vya Durban vikawa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal mwaka 2004. Kulikuwa na ukuta, ukabomolewa.

Lakini mtu akiniambia tunaunganisha ili kubana matumizi, namwomba anionyeshe hesabu. Mishahara ya vyuo viwili ikisawazishwa, ya chini ndiyo hupanda, maana hakuna atakayekubali yake ishuke. Mifumo ya udahili na matokeo inabidi ijengwe upya. Kampasi zinabaki mbalimbali, na watu lazima wasafiri. Gharama hizo zinakuja mwanzoni kabisa, wakati akiba inasubiriwa miaka.

Tazameni Rwanda. Mwaka 2013 taasisi saba za umma ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda: Chuo Kikuu cha Taifa cha Huye, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, taasisi ya kilimo ya Busogo na nyingine, zikapangwa katika ndaki sita, yaani vyuo vidogo ndani ya chuo kikuu. Kwa muundo huo kilimo, uhandisi na uchumi viko chini ya seneti moja, chombo kinachoamua mambo ya taaluma. Ni nafasi kubwa mno! Na ndiyo maana swali langu nalielekeza kwa kila chuo kilichoungana, popote kilipo: mwanafunzi wa kilimo akitaka somo moja tu la umwagiliaji kule uhandisi, atalipata?

Mfuateni huyo mwanafunzi. Anachukua fomu. Mkuu wa idara yake asaini, na mkuu wa idara ya kule naye asaini. Somo la huku lina krediti 10, yaani vipimo vya uzito wa somo, la kule 15, na msajili hajui aziweke wapi tano zilizozidi. Kipindi cha huku kinaisha saa nne, cha kule kinaanza saa nne hiyohiyo, kampasi nyingine. Akivumilia yote hayo, matokeo yake yanachelewa kuhamishwa na jina lake halimo kwenye orodha ya wahitimu. Mwaka unaofuata wenzake wamejifunza: hakuna anayeomba tena.

Halafu tunasema tunaandaa wataalamu wa maendeleo endelevu! Ukame unataka anayejua udongo, anayejua mabwawa, anayejua bei za mazao na anayejua sheria za ardhi, wawe wamezoeana kabla hawajaajiriwa. Najua kuna atakayesema: ongezeni somo la lazima la mazingira mwaka wa kwanza. Hapana. Mtafundisha ukumbi wa watu mia tano wanaonakili slaidi, kisha kila mmoja arudi idarani kwake.

Kuhusu fedha za utafiti nilikuwa na mengi, muda hautoshi. Niseme hili tu: shabaha 4.3 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa inataka kufikia 2030 wanawake na wanaume wote wapate elimu ya juu bora kwa gharama wanayoimudu. Ukiunganisha kisha ukafunga kampasi ndogo ya pembezoni, umemwongezea nauli na kodi ya chumba yule aliyekuwa anasoma akitokea kwao.

Kengele imelia, nimeisikia. Maswali yaanze, na ndugu zetu wa wizara watutangulie kwenye hili la krediti: ni nani, kwa cheo, atakayesaini jedwali la kuzilinganisha, na litasainiwa kabla ya sheria ya muungano au baada yake?